Chiriku wa Mabwawa ya Maji Taka

"Ndege wa mia tatu nampata baridi hii hii, hapa hapa mjini, kwa miguu yangu mwenyewe. Nikimkosa, lichukueni daftari langu mkawashie jiko."

Hayo aliyasema Fundi Mizani mbele ya watu kumi na tisa, katika ukumbi mdogo wa maktaba, siku ya mkutano wa mwaka wa chama cha watazamaji ndege. Aliyasema akiwa amesimama, kifua mbele, sweta la kijivu limefungwa vifungo vyote isipokuwa kile kilichopotea mwaka juzi. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenyekiti wao, akaiandika kauli ile kwenye kumbukumbu za mkutano, maana yeye huandika kila kitu, hata nani alikohoa. Hakuna aliyemuuliza Fundi haraka ni ya nini. Mtu aliyeona aina mia mbili tisini na tisa za ndege kwa miaka thelathini na mmoja, huyo mmoja aliyebaki angeweza kumngoja hata mkongojo mkononi.

Angeweza, kama si macho.

Macho ya Fundi yalikuwa yanakufa kuanzia katikati. Daktari alimweleza kwa ile sauti laini ambayo madaktari huiweka akiba kwa ajili ya habari mbovu. Doa limekaa katikati ya jicho, litapanuka, dawa hazilirudishi nyuma. Zitalichelewesha, kama lenyewe likipenda kuchelewa. Jicho la kushoto lilishamaliza kazi. La kulia, tuseme mwaka, au pungufu ya hapo. Pembeni ataendelea kuona, daktari alimfariji. Yaani ataona mlango, asione anayeingia. Kwa mtazamaji ndege, hiyo ni sawa na kuambiwa utaachiwa matawi.

Aliyejua ni mkewe peke yake, naye hakuambiwa. Aligundua siku mumewe alipomimina chai pembeni mwa kikombe, kwa utulivu kabisa, kama anayemwagilia maua.

"Baba Pacha," alimwambia huku akipangusa meza, "hiki kikombe kimekukosea nini?"

Hapo ndipo akasimuliwa yote. Hakulia. Alikwenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko sufuria moja inavyohitaji kusuguliwa, kisha akarudi na kikombe cheupe ambacho kingeonekana vizuri juu ya meza nyeusi. Mapacha wenyewe, ambao sasa wana ndevu na wake zao miji ya mbali, hawakuambiwa. Mama yao alisema habari ya namna hiyo ukiipeleka kwa simu inafika imevunjika.

Kazi ya Fundi ilikuwa kurekebisha mizani. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya shule, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, kuta zimejaa springi na sahani za shaba, na saa za mizani zilizong'olewa zimelala benchini zikitazama juu kama samaki sokoni. Alikuwa na sanduku la mawe ya shaba lililotandikwa kitambaa chekundu: kilo, nusu, robo, mpaka gramu moja, isiyozidi kifungo cha shati. Wachuuzi wenye nia safi walimpenda. Wenye nia nyingine walimkwepa kama sindano. Siku hizi, ili kusoma mshale wa mizani, ilimbidi ageuze kichwa upande na kuuchungulia kwa pembe ya jicho. Muuza nyanya mmoja alidhani shingo imekaza, akamletea dawa ya kuchua. Akaipokea, akashukuru, na akajichua kweli, maana uongo wa namna hiyo lazima unuke dawa. Mtu aliyeishi kwa kutazama ndege alikuwa ameanza kutazama kama ndege.

Na chamani hakuwa mtu wa pembeni. Yeye ndiye mwamuzi wa orodha. Ukiona ndege adimu unapeleka maelezo kwake: ukubwa, mdomo, miguu, mwanga ulitoka upande gani, nani mwingine alimwona. Akiridhika anaandika. Asiporidhika, hata ukiapa kwa kaburi la bibi yako, ndege wako anarudi porini. Mwaka uliopita alimkatalia Mfamasia kipanga wake mwekundu. Mfamasia ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mpole, mwenye duka la dawa karibu na kituo cha mabasi, na yule kipanga alikuwa furaha yake ya mwaka mzima. Fundi alimuuliza swali moja tu: "Uliuona mkia, au uliutamani?" Inasemekana alilia stoo, katikati ya maboksi ya dawa za kikohozi. Wiki iliyofuata akanunua kamera yenye lenzi ndefu kama mguu wa meza.

Kanuni nyingi za chama alizitunga Fundi mwenyewe. Ndege wa kusikika tu hahesabiki. Ndege wa kuonyeshwa nawe usimwone hahesabiki. Na ile iliyoleta ugomvi wa mikutano miwili: ndege wa kufugwa hahesabiki, hata akitoroka, hata akiishi nje miaka mitano na kupata wajukuu.

Basi baridi ikaingia, na Fundi akaanza safari zake.

Jumamosi ya kwanza alikwenda dampo. Usicheke, wapenda ndege wanajua kwamba ndege adimu hawana habari na bustani nzuri. Dereva wa basi la shule, mwanachama mwenzao, alikuwa amesema kwamba membe mwenye kichwa cheusi ameonekana kwenye rundo la mashariki. Fundi akakaa juu ya tairi kuukuu, ukungu mpaka kiunoni, darubini machoni, na baada ya saa nzima akampata: kitu cheupe, kimetulia, kinajitikisa kidogo upepo ukija. Akakiweka pembeni mwa jicho. Akakichunguza dakika arobaini. Moyoni akamsifu kwamba huyu ni ndege mvumilivu. Kisha mwokota chupa mmoja akapita, akainama, akamchukua yule ndege, akamkunja na kumtia mfukoni. Ulikuwa mfuko wa plastiki.

Fundi alitoa mkate wake, akala wote bila kujua una ladha gani. Nyumbani alisema hakukuwa na kitu. Mkewe akamtazama viatu, akamtazama uso, akasema supu ingali moto.

Jumamosi ya pili alikwenda makaburini, kumtafuta kigong'ota mdogo, ndege asiyezidi kidole gumba, ambaye hushuka mjini baridi inapozidi huko milimani. Mchimba makaburi alimkuta anazungukazunguka kichwa upande, akamwamkia kwa heshima zote na kumuuliza kama amekuja kuchagua.

"Bado natazama," Fundi alijibu.

Wakacheka wote wawili, na kicheko chenyewe kilikuwa kizuri, ila kiliisha mapema. Kigong'ota alikuwepo. Alisikika saa mbili nzima: ko-ko-ko, anapumzika, ko-ko-ko. Fundi alipekua shina kwa shina, tawi kwa tawi. Mara mbili alihisi kitu kimesogea, na kila alipokielekezea jicho kikazama ndani ya doa. Mchimba makaburi, mtu asiyejua ndege zaidi ya kuku, akamwonyesha kwa jembe: "Si yule pale, Mzee, anagonga?" Fundi akatazama jembe linakoelekea. Akasema ahsante. Hakuandika. Angeweza kuandika, na shahidi alikuwa naye, tena shahidi mwenye jembe. Lakini kanuni alizitunga yeye, na mtu hawezi kuwapimia wenzake kwa kilo halafu yeye ajipimie kwa kiganja.

Jumamosi za katikati zilipita vivyo hivyo, baridi na miguu. Ikafika ya saba, na Fundi akaenda kwenye mabwawa ya maji taka ya mji.

Mahali pale pana lango na mlinzi, na mlinzi ana daftari la wageni ambalo nusu yake ni tupu. Alimwandika Fundi jina, akafika kwenye sababu ya kuja, akakwama. Alisema kwamba kwa miaka minne watu wanaofika pale ni wenye kazi ya pale au waliopotea njia. Fundi akamwambia aandike ndege. Mlinzi akaandika "ndege", akafikiri, akaongeza alama ya kuuliza.

Kulikuwa na mabwawa sita, yametenganishwa na kuta za udongo zilizoota magugu ya miiba. Fundi alitembea taratibu, skafu puani. Alipofika bwawa la nne akasikia sauti ambayo kwa miaka thelathini na mmoja aliisikia kwenye kanda tu: mlio mwembamba, wa kumiminika, kama sarafu ndogo zikimwagwa ndani ya glasi. Akasimama. Hakutafuta kwa jicho zima. Aligeuza kichwa, akaliachia jicho la kulia pembe yake, na pale kwenye pembe, juu ya gugu, pakawa na doa jekundu la paji la uso na mstari wa njano ubavuni.

Chiriku paji-jekundu. Ndege wa milima ya mbali, ambaye kitabu kinampa sentensi mbili tu na kukiri kwamba hakuna aliyemwona upande huu kwa muda mrefu.

Akachuchumaa. Ndege hakuruka. Akahamia gugu lingine, na jua dogo la asubuhi likapenya ukungu, na mguuni mwa ndege kitu kikang'aa.

Hapa ndipo mtu wa kawaida na mtazamaji ndege wanapoachana njia. Wewe ukiona pete mguuni mwa ndege mdogo utafikiri ametoka kwenye tundu la mtu. Mtazamaji ndege anafikiri watafiti. Kuna watu duniani ambao kazi yao ni kunasa ndege kwa nyavu, kuwavisha pete nyepesi ya bati yenye namba, na kuwaachia, ili atakayemwona mbali huko aandike barua: ndege wenu namba fulani amefika kwetu. Fundi aliwahi kuona pete mara mbili tu, na zote kwa korongo. Chiriku mwenye pete maana yake ni kwamba kuna mkono wa mtu, nchi ya mbali, uliomshika na kumpima, na namba yake imeandikwa mahali. Huyu hakuwa wa mia tatu tu. Huyu alikuwa na barua ya utambulisho.

Mwaka uliopita, mtu yeyote angemletea habari ya pete, Fundi angemuuliza mambo mawili: rangi gani, na ina kiungio au haina. Siku ile hakujiuliza hata moja. Mwenye njaa hachambui mchele.

Kuandika ujumbe hakuweza, herufi za simu zilishageuka sisimizi. Akalirekodia kundi la chama sauti yake, ikitetemeka kwa baridi na kwa mengine. Alisema bwawa la nne. Alisema paji-jekundu. Alisema ana pete, ametoka mbali, njooni kesho mapema.

Jioni ile alimsimulia mkewe mara tatu. Mara ya tatu mkewe ndiye aliyekuwa akimkumbusha alichoruka.

Jumapili wakaja watu kumi na moja, wamejifunga makoti mpaka masikioni, pumzi zinatoka kama moshi wa makaa. Mlinzi aliishiwa nafasi kwenye ukurasa. Mwalimu alikuja na kalamu mbili. Mfamasia alikuja na lenzi yake. Fundi akawatangulia juu ya ukuta wa udongo, hatua za haraka, za mtu aliyeikariri njia usiku kucha.

Chiriku hakuwasumbua. Alikuwa palepale, na mlinzi alipofika na mkate wake wa asubuhi, ndege akashuka mpaka hatua mbili kutoka miguuni pake, akaokota chembe. Mlinzi alisema ndivyo alivyo, tangu juzi anamjia, hana aibu hata kidogo.

Kundi likanyamaza. Fundi aliuhesabu ukimya ule kuwa heshima. Hakuona jinsi Dereva alivyomtazama Mwalimu, wala Mwalimu alivyoifunika kalamu yake. Ndege wa porini haombi mkate.

Mfamasia akapiga picha. Akaikuza kwenye kioo cha kamera, akaikuza tena. Akasimama nayo kidogo, kama mtu aliyeshika cheti cha dawa ambacho hapendi kukitoa, kisha akamsogelea Fundi na kumwekea kamera mikononi.

"Fundi, tazama mguu."

Fundi akageuza kichwa. Akaisogeza kamera, akaiondoa, akaisogeza. "Naiona. Pete ya watafiti. Namba tu ndiyo haisomeki."

"Rangi gani?"

"Ya bati. Si inang'aa hivyo."

Mfamasia aliitazama ile picha, iliyojaa kioo kizima, ukubwa wa kiganja. Akautazama uso wa Fundi, uliogeukia mahali pengine kabisa. Kazi yake ni kuhudumia watu wenye maradhi, hakuhitaji kuambiwa.

"Ni ya zambarau, Fundi," alisema polepole. "Na haina kiungio."

Kila mtu pale alijua maana yake, kwa kuwa aliyewafundisha ni Fundi. Pete ya watafiti hufungwa kwa ndege aliyekomaa, kwa hiyo ina mahali ilipokutana. Pete isiyo na kiungio huvishwa kinda wa siku chache, mguu ukiwa bado mwembamba wa kupita, na anayeweza kumvisha kinda ni yule aliyemwangulisha kwenye tundu lake. Zambarau ni mapambo ya mfugaji. Huyu chiriku hakuvuka mlima wowote. Pengine alivuka barabara.

Ila si hilo lililowafanya wasitazamane. Ni kwamba watu kumi na moja walikuwa wamesikia mwamuzi wa orodha akiambiwa rangi ya kitu kilichokuwa mikononi mwake.

Dereva alijaribu kusema kwamba ukungu wa leo hata yeye unamchanganya. Mwalimu akakohoa, akasema jambo ambalo bila shaka aliliona ni la huruma: kwamba chama ni cha watu, na kanuni ni za watu, na mtu wa miaka thelathini na mmoja chamani, yapo mazingira, wanaweza kulipigia kura hapa hapa.

"Ndege hapigiwi kura, Mwalimu," alisema Fundi.

"Basi tuseme pete hatukuiona."

"Ambaye hakuiona ni mimi. Nyinyi mmeiona."

Akatoa daftari lake kwenye koti, akatoa na kalamu, akamkabidhi Mfamasia vyote. Akamwambia aandike tarehe, bwawa la nne, chiriku paji-jekundu, amekataliwa, sababu ni wa kufugwa. Mfamasia akaandika. Herufi zikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. Alipomrudishia, Fundi akasema akae nalo, aangalie na maelezo ya wengine yanayosubiri, mwenye kamera ndiye mwamuzi sasa. Alilisema kama mtu anayempa mwenzake zamu ya kushika mwavuli.

Wakati wa kurudi, juu ya ule ukuta alioutembea asubuhi bila kushikwa, watu watatu walimshika viwiko. Mmoja akamwambia hapa kuna jiwe. Mwingine akamwambia hapa pana utelezi. Fundi alisema ahsante kwa jiwe, ahsante kwa utelezi, mpaka langoni.

Zilibaki Jumamosi tano za baridi. Chama hakikumwacha, ndilo lililokuwa gumu. Walipokezana kumpitia asubuhi kwa gari, wakamweka kwenye kiti cha kukunja, wakamwekea blanketi, na kumwelekeza: kushoto, tawi la tatu, chini ya lile jani la njano. Naye aligeuza kichwa, akangoja adabu inavyotaka, kisha akasema ndiyo. Safari ya tatu Mfamasia alimuuliza kama kweli amemwona. Akasema hapana. Tangu hapo hakwenda tena, na walipopiga simu mkewe alipokea na kusema amelala, saa nne asubuhi.

Kibandani alivumilia kidogo zaidi. Mkewe alikuja kukaa naye, akimsomea mshale huku yeye akigeuza skrubu kwa vidole. Walifanya hivyo wiki sita. Halafu siku moja muuza nyanya alirudisha mizani yake, akasema kwa aibu kwamba imezidi gramu thelathini, si neno, ni bahati mbaya tu. Fundi alipanga mawe yake yote kwenye kitambaa chekundu, moja moja, akiyapapasa, akafunga sanduku. Mwenye duka la vifaa vya shule sasa anaweka kibandani humo madaftari ya ziada.

Kliniki ya macho walikwenda mwanzoni mwa joto. Daktari alipima, akasema doa limepanuka, akasema waje tena baada ya miezi mitatu, na mke akauliza waje kufanya nini. Daktari akasema kupima.

Walirudi kwa miguu, mke ameshika mkono wa koti la mumewe, na walipopita mtaa wa wauza ndege wa kufugwa Fundi akasimama. Kulikuwa na matundu yamepangwa mpaka dari. Muuzaji, kijana mwenye ganda la mtama kwenye ndevu, aliulizwa kuhusu pete ya zambarau, akajibu bila kufikiri kwamba ndiyo ya kwake ya mwaka huu. Kila mwaka na rangi yake. Mmoja alimtoroka baridi iliyopita, mteja alifungua mlango ili amsikie vizuri. Akauliza kama Mzee amemwona.

"Hapana," alisema Fundi.

Chiriku waliobaki walikuwa wanaimba, wanne au watano kwa pamoja, na Fundi alisimama akiwa amewageuzia sikio. Mkewe alimwangalia, kisha akamuuliza muuzaji wanauzwaje.

Dume, ndiye anayeimba, elfu tisa. Jike elfu nne. Tundu elfu sita.